Chumba cha ziada kisiwe mtego kwa maskini

WAHENGA walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara hutokea mwanafunzi mmoja akauliza: mwenyeji hupona vipi ilhali mgeni ndiye anayelishwa? Huwa namjibu kwa kumsimulia habari za nyumba moja ndogo ya matofali mekundu katika mji fulani wa kaskazini mwa Uingereza, ambako niliishi kwa mwaka mzima kuanzia Septemba 2013 nilipokwenda kuongeza elimu.

Nyumba yenyewe ilikuwa mali ya baraza la mji. Aliyeikodi ni mama wa miaka 58, mjane, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amehamia London kutafuta riziki. Duka alimokuwa akifanya kazi lilikuwa limefungwa, naye akawa anaishi kwa malipo ya serikali yanayotolewa kwa wasio na kazi. Kodi ya nyumba pia alilipiwa na serikali. Vyumba vya kulala vilikuwa viwili: kimoja alilala yeye, na cha pili, kilichokuwa cha mwanawe, alinikodishia mimi kwa paundi 70 kwa wiki.

Jioni ya kwanza, kabla hata sijafungua sanduku langu, alinipa masharti matatu. Nisivute sigara ndani ya nyumba. Nisiache taa zikiwaka ovyo. Na la tatu, mtu yeyote akibisha hodi na kutaka kujua mimi ni nani, nijibu kwamba ni rafiki ya mwanawe niliyekuja kutembea kwa siku chache tu. Aidha, barua zangu nisiagize ziletwe pale.

Masharti mawili ya kwanza niliyaelewa. La tatu lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimeacha mke, watoto na darasa langu ili nikasome, na somo la kwanza nililopewa ugenini lilikuwa somo la kusema uongo. Hata hivyo, sikuona dalili yoyote ya ujanja katika uso wa mama yule. Niliona hofu.

Ili msomaji aielewe hofu ile, hana budi kwanza afahamu jinsi Waingereza wanavyomsaidia mtu asiyeweza kulipa kodi ya nyumba. Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, William Beveridge alitoa ripoti mashuhuri iliyoweka msingi wa mfumo wa ustawi wa jamii nchini humo. Jambo moja lilimtatiza sana, nalo ni kodi ya nyumba. Kodi ya London ilikuwa mbali kabisa na ile ya mashambani, kwa hivyo kiwango kimoja cha msaada kingemtosha huyu na kumpunja yule. Kitendawili hicho hakikuteguliwa kikamilifu. Ilikuwa mnamo 1982 na 1983 ambapo serikali iliikusanya misaada mbalimbali iliyokuwapo na kuunda mmoja uitwao Housing Benefit, unaosimamiwa na mabaraza ya miji na wilaya.

Walimu wenzangu wasije wakadhani kwamba msaada huu ni sawa na marupurupu ya nyumba tuyapatayo hapa nchini. Marupurupu yetu ni sehemu ya malipo ya kazi. Mwalimu aliye na chumba cha nje akikikodisha, marupurupu yake hayapungui hata kwa shilingi moja. Msaada wa Uingereza hutolewa kwa kupima mahitaji: serikali huuliza unaingiza kiasi gani, una akiba kiasi gani, mnaishi wangapi, na kodi yenu ni kiasi gani. Jibu likibadilika, msaada nao hubadilika. Na mtu asipotoa habari za mabadiliko hayo kwa makusudi, anatenda kosa la jinai.

Hapo ndipo chumba cha ziada kinapozua mambo.

Tarehe 1 Aprili 2013, miezi mitano kabla sijafika kwa mama yule, sheria mpya ilianza kutumika. Ilitokana na Sheria ya Marekebisho ya Ustawi wa Jamii iliyopitishwa mwaka 2012. Iliwahusu watu wa umri wa kufanya kazi waliopanga nyumba za mabaraza na za vyama vya nyumba. Mtu akionekana kuwa na chumba kimoja cha kulala kuliko anavyohitaji, kodi inayokubaliwa katika kukadiria msaada wake ilipunguzwa kwa asilimia 14. Akiwa na vyumba viwili au zaidi vya ziada, ilipunguzwa kwa asilimia 25. Mke na mume walihesabiwa chumba kimoja. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 walihesabiwa chumba kimoja. Wawili walio chini ya miaka 10 pia, hata kama mmoja ni mvulana na mwingine msichana.

Wapinzani waliyaita makato hayo ushuru wa chumba cha kulala. Serikali ilikana katakata kuwa ni ushuru, ikasema kwamba inaondoa tu ruzuku ya vyumba visivyotumika, ili familia zilizosongamana zipate nafasi. Hoja hiyo haikuwa ya kipuzi. Lakini nyumba ndogo za kuhamia zilikuwa haba, na tangu sheria ya mwaka 1980 iliyowapa wapangaji haki ya kuzinunua nyumba za mabaraza, zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeuzwa. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya makazi, Raquel Rolnik, alizuru Uingereza mwaka huo huo wa 2013 akataka sheria hiyo isimamishwe, jambo lililowakera sana mawaziri. Kesi zilifuata. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu iliamua kwamba baadhi ya walemavu walikuwa wamebaguliwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ikamtetea mwanamke ambaye chumba kilichoitwa cha ziada kilikuwa kimeimarishwa ili kumkinga na mtu aliyekuwa akimtishia maisha.

Mama mwenyeji wangu hakwenda mahakamani. Kodi ya nyumba yake ilikuwa kama paundi 100 kwa wiki, nami nitaitumia tarakimu hiyo ili hesabu iwe nyepesi. Tangu Aprili, serikali ilikuwa ikimlipia paundi 86. Paundi 14 zilizobaki alitakiwa azitoe katika malipo yake ya wasio na kazi, ambayo yalikuwa kama paundi 71 kwa wiki, na humo humo atoe chakula, umeme na gesi.

Serikali ilikuwa na shauri. Ilisema kwamba asiyeweza kuziba pengo hilo ahamie nyumba ndogo, au atafute kazi, au aongeze saa za kazi, au akikodishe kile chumba. Mama akaona la mwisho ndilo lililo karibu naye. Akanipata mimi. Ajabu ni kwamba mtu aliyefuata shauri la serikali yake mwenyewe aliishia kumficha mpangaji kana kwamba ni gunia la magendo.

Sababu za hofu yake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa uvumi. Mwezi Oktoba 2013 ilianza kutumika sheria nyingine iliyofanya kuwa jinai kwa mpangaji wa nyumba ya umma kuikodisha nyumba nzima kwa watu wengine kinyume cha mkataba, huku yeye akiishi kwingine. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka miwili. Majirani walizungumza habari hiyo kwa sauti ya chini, na kila aliyeisimulia aliiongeza chumvi. Mama akaamini kwamba yeye naye yumo. Kumbe hakuwamo. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985 inampa mpangaji wa kudumu wa baraza haki ya kukaribisha mpangaji wa ndani, yaani mtu anayekodi chumba katika nyumba ambamo mwenyeji mwenyewe anaishi. Hahitaji hata kuomba ruhusa, mradi nyumba isisongamane kupita kiasi. Kinachohitaji ruhusa ya maandishi ni kuitenga sehemu ya nyumba na kuikabidhi kwa mtu kabisa. Kinachokatazwa ni kuondoka na kuigeuza nyumba yote kuwa biashara.

Sababu ya pili haikuwa uvumi. Ilikuwa hesabu, na mwalimu wa hisabati anaweza kuipeleka darasani kama ilivyo.

Chini ya kanuni za wakati ule, katika kodi ya kila wiki aliyolipa mpangaji wa ndani, paundi 20 za mwanzo hazikuguswa. Zilizozidi zilihesabiwa kuwa mapato. Kwa mtu aliyeishi kwa malipo ya wasio na kazi, mapato hayo yaliondolewa katika malipo yake paundi kwa paundi. Kwangu mimi alipata paundi 70. Angetangaza, 50 zingekatwa na 20 zingebaki. Ni kweli kwamba chumba kingehesabiwa kuwa kina mtu, na yale makato ya paundi 14 yangeondoka. Hivyo faida ya ukweli ilikuwa paundi 20 kwa wiki.

Na faida ya uongo? Angenyamaza, angepokea paundi 70 zote, atoe 14 za makato, abaki na 56. Msomaji atafakari mwenyewe. Ishirini kwa mkweli, hamsini na sita kwa mwongo. Tunawafundisha watoto kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hapa sheria yenyewe ilikuwa imeirefusha na kuipamba kwa maua.

Hofu hiyo ingeendelea kututafuna sote wawili kama si benki. Katika wiki yangu ya tatu nilitaka kufungua akaunti, nikaambiwa nilete barua yenye jina langu na mahali ninapoishi. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kwamba siwezi kuendelea kuwa mtu asiyekuwapo. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akavaa koti lake, tukaenda pamoja katika ofisi moja ya ushauri wa bure kwa raia.

Tuliyemkuta huko alikuwa mzee mstaafu aliyejitolea. Alichukua penseli, akauliza maswali machache, kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Je, humpikii chakula?"

Mama akasema hanipikii. Nilikuwa nikijipikia mwenyewe, na kila mmoja alikula kwa wakati wake. Mzee akatufafanulia kwamba sheria humtenga mpangaji wa chumba kitupu na mpangaji anayelishwa. Kwa huyu wa pili, mbali na zile paundi 20, nusu ya kiasi kinachozidi nayo haiguswi. Kwa hiyo katika paundi 70, kwanza 20 zinaachwa. Katika 50 zilizosalia, 25 zinaachwa pia. Mama angebaki na paundi 45 mkononi, makato ya chumba yangefutwa, na kila kitu kingekuwa halali na wazi.

Wiki hiyo hiyo alitangaza. Alitakiwa arudishe kidogo alicholipwa zaidi katika zile wiki tatu, akakirudisha. Na tangu jioni ile nikaanza kula mezani pake. Viazi, kabeji, maharagwe, na Jumapili nyama. Mimi nami nilimfundisha kusonga ugali, ingawa aliuita uji uliogoma. Nikajua jina la mumewe, nikajua mwanawe hupiga simu siku gani, naye akajua majina ya wanangu na mitihani yao. Sikuwa tena mgeni wa siku chache. Barua za mke wangu zikaanza kuingia kupitia tundu la mlango, na mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziokota.

Nimeyasimulia haya si kwa sababu ya utamu wake. Nimeyasimulia kwa sababu yanatuonyesha jambo ambalo watunga sheria husahau popote walipo. Maskini huisoma sheria kwa makini kuliko tajiri, kwa kuwa kila paundi aliyo nayo imo ndani yake. Ukimwekea kanuni inayomwadhibu akisema kweli, usishangae akinyamaza. Ukimwekea kanuni inayompa nafuu akimlisha mgeni, atamlisha.

Yamkini msomaji atapinga kwamba msaada ni fedha za umma, na mtu anayepata kipato chake mwenyewe hana haja ya kusaidiwa kama zamani. Mlipa ushuru naye ana haki yake. Hoja hiyo ina uzito, nami siikatai. Lakini itazame pamoja na jambo lingine. Tangu mwaka 1992, Uingereza ina mpango unaomruhusu mtu anayekodisha chumba chenye samani katika nyumba anamoishi kupokea kiasi fulani kwa mwaka bila kutozwa ushuru. Mwaka ule wa 2013 kiasi hicho kilikuwa paundi 4,250. Kuanzia Aprili 2016 kikapandishwa hadi paundi 7,500, yaani zaidi ya paundi 140 kwa wiki. Mpango huo hautofautishi mwenye nyumba na mpangaji. Lakini ni nani anayefaidika na msamaha wa ushuru isipokuwa yule mwenye mapato ya kutozwa ushuru?

Kwa hiyo katika mtaa ule ule, mwenye nyumba yake na mshahara wake aliambiwa: kodisha chumba, na hatutakigusa ukipatacho. Mjane asiye na kazi aliambiwa: kodisha chumba, nasi tutakuachia paundi 20. Wote wawili walikuwa na chumba. Wote wawili walimfaa mwanafunzi aliyehitaji mahali pa kulala. Huyu wa kwanza alishukuriwa, na huyu wa pili akakatwa.

Insafu inanilazimu kusema kwamba mambo hayakubaki vile. Mwaka huo huo wa 2013 serikali ilianza kuingiza mfumo mpya wa Universal Credit, unaounganisha misaada kadhaa kwa watu wa umri wa kufanya kazi, ukiwamo ule wa kodi ya nyumba. Katika mfumo huu, kodi anayolipa mpangaji wa ndani haihesabiwi kabisa kuwa mapato. Mwenyeji hubaki nayo yote. Ila kuna mwiba: mpangaji huyo hahesabiwi kuwa mkazi wa nyumba, kwa hiyo chumba anacholala kila usiku bado huandikwa kuwa kitupu, na yale makato ya asilimia 14 yanaendelea.

Mama yule aliingia katika mfumo huo miaka michache baadaye, baada ya kupata kibarua cha muda na kibarua hicho kuisha. Aliniandikia barua akanieleza. Tukitumia tarakimu zile zile, paundi 70 zote zilikuwa zake, akitoa 14 za makato alibaki na 56. Nilipoisoma barua hiyo nilitabasamu. Paundi 56 ndizo alizokuwa akizipata kwa kunificha mwaka 2013. Hatimaye sheria ilikuwa imeufikisha ukweli mahali uongo ulipokuwa umekaa tangu mwanzo. Kanuni ya kukihesabu chumba chenye mtu kuwa kitupu ni kichekesho, lakini angalau mkweli hakupata hasara tena.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 2021 mama alifikisha miaka 66, umri wa kustaafu. Wastaafu hawamo katika Universal Credit. Hurudishwa katika ule msaada wa zamani wa Housing Benefit, ambao bado upo kwa ajili yao. Kwa upande mmoja amepona, maana makato ya chumba cha ziada hayamgusi mzee. Kwa upande mwingine, kanuni ya paundi 20 imemrudia. Jirani yake wa miaka 40 asiye na kazi huachiwa kodi yote ya mpangaji wake. Yeye, mwenye miguu isiyopanda ngazi vizuri, na ambaye angefurahi kusikia nyayo za mtu ndani ya nyumba wakati wa usiku, huachiwa paundi 20 na nusu ya zinazozidi iwapo atampikia. Chumba ni kile kile. Mama ni yule yule. Sheria imembadilikia mara tatu.

Kuna jambo lingine linalotukata maini sisi tuliolelewa kuamini kwamba nyumba ya mzazi haina mlango kwa mtoto. Mwanawe mtu mzima akirudi kuishi naye, kijana huyo hawi mpangaji wa ndani. Huhesabiwa kuwa mtu mzima asiye tegemezi, na kiasi maalumu huweza kukatwa katika msaada wa mama, kwa kudhaniwa kwamba kijana anachangia kodi, hata kama hachangii hata peni. Kijana naye hawezi kuombewa msaada wa kodi kwa kumlipa mama yake wanapoishi pamoja. Nafahamu kwamba kanuni hiyo iliwekwa kuzuia hila za kifamilia. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mgeni kutoka mbali ana nafasi nyepesi zaidi katika daftari la serikali kuliko mtoto wa kuzaa.

Wanafunzi wetu wanaotarajia kwenda kusoma huko wana la kujifunza hapa. Mkenya kuishi katika chumba cha kukodi Uingereza si jambo geni. Mzee Jomo Kenyatta aliishi nambari 95 Cambridge Street, mtaa wa Pimlico jijini London, kati ya 1933 na 1937, na bamba la buluu ukutani linashuhudia hilo. Anayekwenda leo ajue mambo manne. Kwanza, viza ya mwanafunzi kwa kawaida haimruhusu kuomba misaada hii kwa jina lake. Lakini kukodi chumba kwa mtu anayesaidiwa si kosa. Pili, tangu Februari 2016, kila anayekodisha makao kote Uingereza kusini mwa mpaka wa Scotland na mashariki mwa ule wa Wales, hata chumba kimoja cha ndani, hutakiwa kuhakikisha kwamba mpangaji ana ruhusa ya kuishi nchini, kwa hiyo asikasirike akiulizwa hati zake. Tatu, mwanafunzi wa kutwa nzima hahesabiwi katika ushuru wa baraza, na mwenyeji anayeishi peke yake hapotezi ile nafuu yake ya asilimia 25 kwa kumkaribisha. Nne, mpangaji wa ndani ana ulinzi mdogo: mwenyeji akimpa notisi ya muda wa kadiri, muda ukiisha huweza kumtoa bila amri ya mahakama. Basi akubaliane na mwenyeji wake kwa maandishi, na akikuta sharti la kufichwa, asilikubali. Amwambie mwenyeji waende pamoja kuulizia. Huenda hesabu ikawa na mlango ambao hofu haikuuona.

Nasi tuliobaki nyumbani tusidhani kwamba haya hayatuhusu. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwalimu anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 1.5 kugharamia nyumba hizo, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Serikali inapojenga kwa fedha za umma, siku moja itafika mahali pa kuuliza ni nani analala katika chumba kipi. Mjane aliyebaki na chumba kitupu akimkaribisha mwanafunzi wa chuo, tutamwita mwizi au tutamshukuru? Swali hilo liulizwe mapema, na liulizwe kwa penseli mkononi, kama alivyofanya yule mzee wa kujitolea.

Kipimo changu ni kimoja, na wanafunzi wangu wamekikariri. Kanuni yoyote ya kumsaidia maskini ichukuliwe, na ipigwe hesabu mbili: mtu huyu akisema kweli atabaki na nini, na akinyamaza atabaki na nini? Hesabu ya pili ikiizidi ya kwanza, kosa si la maskini peke yake. Aliyeiandika kanuni naye ametega mtego.

Na yule mwanafunzi aulizaye jinsi mwenyeji anavyopona ilhali mgeni ndiye anayelishwa, jibu lake ni hilo. Mwenyeji wangu alipona siku alipoanza kunilisha, naye alianza kunilisha siku tulipoacha kujificha.